Joram Hana Bosi

Kila nikitaja jina la Ben Mtobwa mbele ya mwalimu wa fasihi, jibu nalijua kabla hajafungua mdomo: "Ah, zile hadithi za mapenzi na bastola." Kwenye vitabu vya uhakiki kuna jina la heshima kidogo, wanaziita riwaya pendwa. Kinyume chake ni riwaya dhati. Yaani kuna vitabu vya dhati, halafu kuna vingine ambavyo vinapendwa tu. Huwa najiuliza aliyepanga hivyo alikuwa anamwonea wivu nani.

Namwandika Mtobwa kwa sababu ndiye anayesomwa kuliko wote katika kikundi cha vijana ninachokisimamia hapa Nyarugusu, na pia kwa sababu miezi hii kuna ubishi kati yetu na watu wanaotaka kutusaidia. Ubishi wenyewe nitaufikia. Tuanze na huyu mzee.

Ben Mtobwa alizaliwa mwaka 1958 katika mkoa huuhuu wa Kigoma ambamo kambi yetu iko. Hilo vijana wengi hawalijui. Wanadhani mtu anayeandika hoteli, magari na mabaa ya Dar es Salaam namna ile lazima awe mtoto wa mjini. Hapana. Ni mtoto wa upande huu, upande wa udongo mwekundu na mihogo, mwisho wa reli. Kutoka Kigoma mpaka Dar kwa treni ni zaidi ya kilomita 1,200. Alipofika huko hakungoja mtu amchapishie milele. Alianzisha nyumba yake ya uchapishaji, Heko Publishers, na vitabu vyake vikatoka kwa jina hilo. Alifariki mwaka 2008, akiwa na umri wa miaka 50 tu.

Kusema "alianzisha nyumba ya uchapishaji" ni rahisi. Tukumbuke ilikuwa nchi gani. Shirika lililokuwa likichapisha waandishi wengi wa Afrika Mashariki, lile la East African Literature Bureau, lilikuwa la nchi tatu, na Jumuiya ilivunjika mwaka 1977. Halafu vita vya Kagera, halafu miaka ya foleni, ambapo sabuni na sukari vilitafutwa kwa kujuana. Karatasi nayo ilikuwa hivyohivyo. Katika miaka hiyo ndipo kundi zima la waandishi wa Tanzania lilianza kujichapishia au kuchapishwa na vikampuni vidogo vya watu binafsi: vitabu vyembamba, jalada lenye mwanamke na bastola, karatasi inayogeuka njano kabla hujamaliza kusoma. Walimu hawakuvitaka. Watu walivinunua.

Sasa tuingie kazini. Angalia majina ya vitabu vyake. Lazima Ufe Joram. Najisikia Kuua Tena. Pesa Zako Zinanuka. Tutarudi na Roho Zetu? Hakuna hata kimoja kinachoitwa kwa jina tulivu. Ni vitisho, matusi, maswali. Mwandishi ambaye kitabu chake kinanunuliwa na wizara anaweza kukiita chochote, maana mwanafunzi atalazimishwa kukisoma. Lakini kitabu kilichotandikwa chini kwenye turubai, kati ya betri na vitana, kina sekunde mbili za kumsimamisha mtu anayekimbilia basi. Jina ndilo tangazo, na tangazo jingine hakuna. Nimewahi kuwapa vijana zoezi la kutunga majina matupu bila hadithi, na wote walitoka na majina kama "Maisha ni Safari" na "Machozi ya Yatima". Nikawauliza: ungetoa mia mbili yako kwa hicho? Wakacheka. Basi hapo Mtobwa amefundisha kitu ambacho mimi nisingeweza kukieleza kwa semina nzima.

Jambo la pili ni mhusika wake mkubwa, Joram Kiango, na hapa ndipo naona wahakiki wengi wamepita haraka. Wanamweka kapu moja na Willy Gamba wa Elvis Musiba. Ni kweli wanafanana: wazuri wa sura, wepesi wa risasi, wanawake hawawaachi. Lakini Willy Gamba, tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974, ni mfanyakazi wa serikali. Ana ofisi. Ana mkuu wake wa kumwita na kumpa kazi, ana tiketi ya ndege, ana nchi nzima nyuma yake. Joram hana. Joram ni mpelelezi wa kujitegemea. Inspekta Kombora wa polisi anamhitaji, anamkasirikia, wakati mwingine anamtafuta usiku na mchana, lakini hawezi kumwamuru. Joram akienda, amejituma mwenyewe.

Mimi naona hapo mwandishi amejichora. Mtu aliyeamua kutongoja idhini ya mchapishaji ametunga mtu asiyengoja idhini ya serikali. Na kwetu sisi jambo hili lina uzito wake. Hapa mtu anaishi kwa kibali: ukitaka kutoka, kibali, ukitaka kufungua kitu, ombi, ukitaka kukutana chini ya mti na vijana ishirini, mtu fulani lazima ajue. Kijana wa miaka kumi na sita aliyezaliwa humu anapomsoma Joram akiingia na kutoka mipakani kama anaingia jikoni kwa mama yake, simlaumu akisoma mpaka chaji ya simu imwishie.

Musiba lakini tusimdharau, hasa sisi Wakongo. Kikosi cha Kisasi anampeleka Willy Gamba Kinshasa, kwenye mauaji ya watu wa harakati za ukombozi. Mzee mmoja jirani yangu alinisikia nikiwasomea vijana ukurasa mmoja, akaketi, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Huyu mwandishi alifikaka Kinshasa kweli?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi ametunga vizuri." Nadhani huo ni uhakiki uliokamilika. Wazee kama yeye, waliosoma shule za Zaire, wanamkumbuka Zamenga Batukezanga, aliyefariki mwaka 2000. Naye aliandika Kifaransa chepesi cha watu wa kawaida, akasomwa na kila mtu, na wasomi wakamkunjia pua. Ni ugonjwa uleule, lugha tofauti.

Sasa sifa zimetosha, maana hata kikundi chetu hatumsomi Mtobwa kwa kumpigia makofi tu.

Wasichana ndio waliokuwa wa kwanza kumshika. Tulikuwa tunasoma Tutarudi na Roho Zetu?, ile ya Joram na Nuru dhidi ya utawala wa Makaburu wa Afrika Kusini. Riwaya hiyo ina ujasiri wa kweli ndani yake. Iliandikwa wakati Makaburu bado wapo madarakani, na inamwambia msomaji wa Kiswahili kwamba vita vile ni vyake pia. Lakini Nuru anaingia kwa uzuri, anakaa kwa uzuri, na tunakumbushwa uzuri wake hata pale ambapo mtu mwenye akili angekuwa anafikiria mlango wa kutokea uko wapi. Binti mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi, akafunga daftari akasema: "Nuru ni muzuri, tumesikia. Halafu?" Nimebaki na hiyo "halafu" mpaka leo. Wavulana walijaribu kumtetea Mtobwa kwamba Nuru ni jasiri, kwamba bila yeye Joram angekwama. Ni kweli. Ila ujasiri wake unaonekana kwa mkopo, kama koti la Joram alilolivaa kwa muda.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi kwangu, na sijawahi kuiona imeandikwa mahali. Katika hadithi hizi maiti ni nyepesi. Mtu anaanguka, damu inatajwa, sentensi inayofuata Joram anawasha sigara. Hakuna anayemfunga kidevu marehemu. Hakuna anayeulizia nguo zake apewe nani. Msomaji wa Dar es Salaam ya miaka ya themanini, ambaye hofu yake kubwa ilikuwa mlanguzi na foleni, anaweza kucheza na maiti za namna hiyo, ni mchezo. Lakini mtu aliyetoka Fizi au Uvira kwa miguu, aliyeacha mtu kando ya njia bila hata kumfunika, huyo anasoma kwa namna nyingine. Wapo vijana ambao walimwacha Mtobwa kwa sababu hiyohiyo, na wapo ambao wanampenda kwa sababu hiyohiyo, kwamba angalau humo kufa hakuumi. Siwezi kuwaambia kundi moja limekosea.

Nionavyo, haya ni malipo ya kazi ya haraka. Mwandishi wa kujitegemea anaishi kwa kitabu kinachofuata. Hana mhariri wa kumwambia ngoja, rudi sura ya sita, huyu uliyemuua alikuwa na mama. Ndiyo maana pia miisho mingi ya riwaya hizi inakimbia, kama basi lililochelewa, na siri inafumbuliwa kwa hotuba ya kurasa mbili. Uhuru ule uliompa jina kali la kitabu ndio uleule uliomnyima mtu wa kumshika mkono. Tukiwaimbia vijana "jitegemee, jitegemee" bila kuwaonyesha upande huo, tunawadanganya.

Na wanaodhani kujitegemea ni kukaa mbali na shule na taasisi, hao pia wamtazame vizuri. Watanzania wengi wanaofanya kazi humu kambini wamesoma Watoto wa Maman'tilie ya Emmanuel Mbogo kwenye sekondari. Nendeni mkaangalie jalada limeandikwa nani. Heko Publishers. Nyumba ileile ya bastola na mapenzi ndiyo iliyotoa kitabu cha watoto maskini wa Dar ambacho kimekuwa somo la darasani. Kumbe "pendwa" na "dhati" walikuwa wanalala chumba kimoja, kodi inalipwa pamoja. Hili nalipenda sana kulitaja mbele ya walimu. Soko la barabarani linakupa jina, lakini kitabu kikiingia darasani kinanunuliwa mwaka hadi mwaka, na fedha hiyo ndiyo inayoweza kubeba kitabu kingine chenye hatari zaidi. Kujitegemea kwake kulikuwa na miguu miwili.

Barabara na darasa sisi hatuna. Tuna simu. Vitabu vya Mtobwa na Musiba vinazunguka hapa kwa PDF, vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kidole cha mpiga picha kinaonekana pembeni. Vijana wanarushiana bure. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtu kwa miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo vitabu vya Mtobwa vina mwenyewe mpaka 2058. Nimewaeleza vijana. Mmoja akauliza, je, kuna duka hata moja ambalo tungeweza kufika tukanunue? Nikanyamaza, kwa sababu ni swali zuri. Lakini kijana huyohuyo, aliposikia hadithi yake aliyoituma kwenye kundi la WhatsApp imesambazwa na mtu mwingine bila jina lake, hakulala siku mbili. Tangu siku hiyo anaandika jina lake juu, katikati na chini ya kila sehemu, mpaka inachosha kusoma.

Nje ya kambi, huko huko Tanzania, kuna waandishi ambao sasa wanaishi kwa simu. Wanatoa sehemu za kwanza bure, wanakata pale mlango unapogongwa, halafu anayetaka kujua nani amegonga anatuma hela kwa simu. Ni turubai lilelile la stendi, limehamia kwenye kioo. Ukisoma hizo hadithi unaona mkono wa kina Mtobwa kila mahali: sura fupi, kila sura inakatika pabaya, kila mtu ana siri. Wengi wao ni wabovu, nisifiche. Wachache ni wazuri kuliko vitabu nilivyolazimishwa kusoma kwa mtihani.

Sasa ule ubishi.

Kuna mradi, sitautaja jina, ulikuja na wazo zuri la kuchapisha kijitabu cha maandishi ya vijana wa kambi. Karatasi nzuri, picha za rangi, posho ya washiriki. Kikundi chetu kilipeleka kazi saba. Zilirudi tano, na maelezo ya adabu kabisa: wanatafuta "hadithi za kweli", safari ya mtu mwenyewe, changamoto na mafanikio. Mojawapo ya zilizorudi ilikuwa riwaya fupi ya upelelezi ya kijana wa kanda yetu, imeandikwa kwenye kaunta buku la kwaya mbili, kuhusu kadi ya mgao inayoendelea kutumika miezi mingi baada ya mwenye kadi kufa. Mpelelezi ni mama muuza maandazi. Hana bastola. Ana kumbukumbu: anajua nani ananunua maandazi mangapi, na nani ghafla ameanza kununua zaidi.

Waliokuja kuzungumza nasi ni watu wema, nasema kwa moyo. Walituambia msomaji wa nje anataka kutujua. Nikawauliza, mbona Mtobwa hakuna aliyemwambia aandike jinsi alivyotoka Kigoma bila viatu? Aliachwa atunge. Kwa nini mwenye nchi aachiwe uongo wake mzuri, na mkimbizi adaiwe ukweli kila siku? Ukweli wetu tumeutoa tayari. Tumeutoa kwenye usajili, kwenye mahojiano, kwa daktari, kwa anayekuja na kamera. Kuna watu humu wamesimulia usiku mmoja wa maisha yao mara nyingi mpaka usiku huo umekuwa kama fomu. Kijana anapokaa chini na kutunga mtu ambaye hayupo, hapo ndipo kwa mara ya kwanza hakuna anayeweza kumwambia "mbona mara ya kwanza ulisema vingine?"

Mvulana mwingine, mdogo, aliwahi kuniuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeuliza dhambi: "Yaya, naweza andika kitu chenye hakikunifikaka?" Nikamwambia ndiyo. Akauliza tena kama nina hakika.

Sisemi ushuhuda hauna thamani. Zile kazi mbili zilizokubaliwa ni za kweli na ni nzuri, moja ilinitoa machozi, na waliopata posho walinunua daftari. Ninachokataa ni kwamba iwe mlango pekee. Na upande wa pili nawakatalia pia vijana wangu wanaodhani kwamba kwa kuwa mradi umekataa kazi, basi kazi ni nzuri. Ile riwaya ya kadi ya mgao sura ya tatu inalegea. Mhalifu nilimjua mapema, na nilimwambia mwandishi hivyo. Kuna mtu wa ofisi ndani yake ambaye ni mbaya tangu alipoingia mpaka anatoka, hana hata jino linalouma. Makaburu wa Mtobwa walikuwa hivyohivyo, na wao walikuwa na haki zaidi ya kuchorwa kwa makaa. Huyu wetu ni jirani.

Kwa hiyo tumeamua kufanya alichofanya mzee wa Heko, kwa ukubwa wetu. Tumechanga. Mwenye mashine ya kutoa kopi sokoni amekubali kulipwa nusu sasa na nusu baada ya mauzo, ilimradi tulete karatasi wenyewe. Jalada linachorwa kwa mkono. Mhariri ni yule binti wa "halafu?", na amekwishairudisha sura ya tatu mara mbili. Jina la kitabu limebadilika pia: mwanzoni kiliitwa "Siri ya Kambi", sasa kinaitwa Marehemu Amechukua Unga.

Na kuna jambo ameliongeza mwandishi mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Katika sura ya kwanza, kabla upelelezi haujaanza, mwenye kadi anazikwa. Ukurasa mmoja na nusu: nani alichimba, nani alileta shuka, ubishi kuhusu mvua. Mhariri alitaka kuufupisha. Mwandishi amekataa, na mpaka naandika hapa hawajaelewana.